Gunzi Ndani ya Paipu

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja kijana hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Gari lenyewe ni kuukuu, nalipenda hivyohivyo, na watu wa kwetu wameshachoka kuniambia niliuze. Lilikuwa limeanza kuingiza harufu ya oili ndani, ile harufu nzito inayokaa kwenye nguo mpaka uzifue mara mbili. Kijana akafungua boneti, akashika paipu moja nyeusi inayotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, akaivuta, ikavunjika mkononi mwake vipande vitatu kama biskuti. "Mathe, hii ndiyo inakusumbua," akasema, akavitupa vile vipande kwenye pipa la taka bila hata kuviangalia.

Nikamwambia avitoe humo aniwekee juu ya boneti. Akanikazia macho. "Lakini hizo ni taka, mathe." Nikamwambia taka ni zangu, avitoe. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, na kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Alivitoa, akavipanga, na mimi nikainama nikavinusa. Raba iliyokauka kwa joto, oili iliyoganda, vumbi. Palepale nikawa na miaka tisa, nimesimama uani kwetu Noonkopir, mtaa wa hapahapa Kitengela, na gunzi la mahindi mkononi.

Mama yangu alikuwa dereva. Ninyi wa rika langu mtakumbuka kwamba mwanamke kuendesha pikapu yenye mzigo lilikuwa jambo la watu kugeuza shingo barabarani. Baba alifanya kazi Mombasa, tulimwona Krismasi na Pasaka, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama na pikapu yake. Ilikuwa nyeupe zamani; mimi niliikuta ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila wiki, siku ya soko la mifugo, mama aliijaza marobota ya nyasi kavu akayapeleka Kajiado. Watu walimwita Mama Nyasi. Hakulipenda jina hilo, lakini aliliitikia.

Mwaka ninaousema mvua ilikataa. Ng'ombe walikuwa wamebaki ngozi na mifupa, na wengine walikuwa wakiinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia na pembe. Mteja mkubwa wa mama alikuwa bibi mmoja wa Kimaasai aliyekaa nje kidogo ya mji wa Kajiado. Tulimwita Koko, kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe kumi na mmoja, na alitujulisha kwa kila mmoja kwa jina. Tukifika, angemwambia mama "Takwenya," mama aitikie "Iko" kwa lafudhi yake ya Kikamba, kisha mimi niinamishe kichwa Koko aniwekee mkono utosini. Ulikuwa mkono mwepesi, una harufu ya moshi na maziwa.

Sasa siku moja tulipeleka nyasi, ng'ombe wakanusa, wakageuza vichwa. Ng'ombe wenye njaa vile. Koko alichukua tita moja akalisogeza puani, akalirudisha kwa mama. Lilikuwa linanuka oili. Mama aligeuza pikapu, tukarudi moja kwa moja Kitengela.

Kwenye kona ya ploti yetu kulikuwa na kibanda cha mabati, na chini yake alifanya kazi fundi mmoja aliyeitwa Nduati. Mama alimwita Baba Wairimu, sisi watoto tulimwita Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, ovaroli yake fupi miguuni. Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ndiyo asili ya mambo yote: nilimpenda kwa sababu nilipomuuliza swali alinijibu. Watu wazima wengine walikuwa wakiniambia niende nikacheze. Yeye alitoka chini ya gari, akafuta mikono, akaniambia hii ni nini na kazi yake ni ipi, kisha akarudi chini.

Na alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa fundi mwingine tangu siku hizo. Siku hizo mafundi wengi walikuwa wakidai wamebadilisha kitu, kumbe wamekifuta tu kwa petroli na kukirudisha. Kwa hiyo Fundi, akimaliza gari, alitandika gazeti kuukuu juu ya boneti, akapanga juu yake kila kitu kikuukuu alichokitoa: skrubu iliyolika, kipande cha mpira, hata waya mfupi kama kidole. Kisha alimwita mwenye gari. "Hesabu," alimwambia. "Kilichotoka kwa gari yako ni chako." Mwenye gari asipotaka kuhesabu, niliitwa mimi. "Mwende, hesabu." Nami nilihesabu kwa sauti, nikigusa kimoja kimoja, nikijiona mtu mkubwa sana.

Basi mama akamweleza habari ya ng'ombe waliokataa nyasi. Fundi alifungua boneti, akaangalia kwa muda, akasema paipu zimechoka. Injini kuukuu inatoa mvuke wa oili, na huo mvuke unapitia kwenye paipu. Paipu zikipasuka, mvuke unasambaa kila mahali, mpaka kwenye nyasi. Alizibadilisha zote. Ile ya chini aliweka ndefu, akaipitisha kando ya injini mpaka chini ya gari, nyuma ya tairi la mbele, ili mvuke utokee chini barabarani na usiuguse mzigo. Hayo yote nimeyajua baadaye. Alipokuwa akimweleza mama, mimi nilikuwa nimetumwa dukani kuleta maziwa ya chai, na dukani kulikuwa na foleni. Nimekuja kuichukia foleni ile kuliko kitu chochote.

Niliporudi na pakiti ya maziwa, nilikuta gazeti limekunjwa tayari na mama amesimama, mkono kiunoni. Nilisikia mwisho wa maneno yake. "Baba Wairimu, nikiona tone moja la oili, ama moshi kidogo tu, hii kona utaniachia."

Mama yangu hufanya mzaha bila kucheka. Ukubwani nimemwelewa, na hata mimi sasa naambiwa niko hivyohivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa anasikia alichosikia. Fundi aliitikia "Sawa, mama," akiwa amenipa mgongo, kwa hiyo sikuona kama alicheka. Nilienda jikoni kuweka maziwa. Tone moja, nikasema. Tone moja na Fundi hana pa kwenda.

Kesho yake mama alienda kuchukua marobota, akarudi saa tisa na pikapu imejaa, akaingia ndani kula. Fundi alikuwa ametoka kwenda kununua vipuri. Nilipiga magoti uani nikachungulia chini ya gari. Mwisho wa ile paipu ndefu kulikuwa na moshi mweupe mwembamba, bado ukitoka, na chini yake, kwenye vumbi, tone la oili. Nikiwa bado naangalia, likadondoka la pili.

Nilifukia matone kwa kiatu, nikasimama kuangalia kama mama ameona. Ndipo nikakumbuka gunzi. Nyumba yetu nzima ilizibwa kwa magunzi. Jerikeni la mafuta ya taa lilikuwa na gunzi, la maji ya kunywa gunzi, la uji wa kupeleka shambani gunzi. Kila kilichovuja, mama alilizungushia gunzi karatasi ya nailoni, akalisukuma kwa kiganja, kikaacha kuvuja. Sikuwa nimewahi kuona limeshindwa. Nilichagua moja nene, nikalivika nailoni, nikalisukuma ndani ya paipu mpaka kiganja kikaniuma. Halafu nikachukua ukanda wa tyubu kutoka kwenye rundo la Fundi mwenyewe, nikaufunga kwa kuuvuta na kuuzungusha, vile mama anavyofunga marobota. Nilingoja. Halikudondoka tone lingine.

Nitasema ukweli: nilijivunia. Nilienda kulala nikifurahi kwamba nimemwokoa mtu.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo asubuhi nilikaa mbele na mama. Tulitoka Kitengela kukiwa na baridi, madirisha tumeyafunga. Mpaka tulipokaribia Isinya hakukuwa na tatizo, na mama alikuwa akiimba wimbo wa kwaya. Kisha harufu ikaingia. Haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa nzito, inawasha macho. Mama akaacha kuimba. Akapunguza mwendo, akainamisha sikio. Kulikuwa na mlio mwembamba chini ya boneti, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Sisikii kitu, mama," nikasema. Nilikuwa nausikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

Tulivuka Isinya. Mama alisema tutaangalia tukifika kwa Koko, ng'ombe wanangoja. Kilomita chache mbele kitu kilipasuka chini ya boneti kwa kishindo. Baadaye niliambiwa ni kile kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kimerushwa juu na nguvu ya mvuke uliokosa njia, na oili ikafuata nyuma yake ikamwagikia injini yenye moto. Moshi ulitoka kila upande, mwingine ukapitia miguuni mwetu. Mama alikanyaga mafuta, injini ikanguruma lakini gari halikuenda. Akazima kila kitu, akaliacha liserereke mpaka kando ya lami.

"Shuka. Kimbia mpaka kwa ile seng'enge. Usisimame karibu."

Mimi nilishuka, lakini sikukimbia. Nilisimama pale kwenye changarawe nikimwangalia mama yangu akipanda juu ya mzigo, kanga imefungwa kiunoni, akikata kamba kwa kisu cha jikoni anachokaa nacho chini ya kiti. Nyuma yake kulikuwa na marobota arobaini ya nyasi kavu na mbele yake moshi. Aliyashusha kwa mateke. Hakupiga yowe, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi ng'ambo ya barabara waliacha mbuzi wao wakaja mbio, mmoja akapanda, mwingine akawa anapokea chini. Robota moja la mbele, lililokuwa limelalia kibanda cha dereva, lilikuwa limeanza kufuka upande mmoja. Yule kijana alilivuta kwa mikono mitupu, akalitupa kwenye mchanga, akalikanyaga mpaka likazima.

Moshi ulipungua. Hakuna aliyeungua. Mama alikaa juu ya robota, akajaribu kubonyeza simu yake, ile ndogo yenye tochi, na vidole vikakataa. Alijaribu mara tatu kabla ya kumpata Fundi. Sijawahi kumwona mama yangu akitetemeka kabla ya siku ile, wala baada yake. Ningesema wakati ule. Maneno yalikuwa tayari, ni mimi, ni gunzi. Lakini kila nilipomwangalia niliona vile vidole, nikanyamaza.

Vijana walileta mkokoteni wa punda, wakakubali kupeleka nyasi kwa Koko kidogo kidogo. Ng'ombe wake walikula jioni ile, namshukuru Mungu kwa hilo. Fundi alifika kwa pikipiki, boksi la spana mapajani. Hakuuliza maswali. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari.

Nilibaki nikiangalia viatu vyake. Mwanzoni vilikuwa vikisogea, kisha vikatulia. Vilitulia muda mrefu mno. Nilisikia ukanda wa tyubu ukichomolewa, ule mlio wa raba inayoachia. Alipotoka, mfuko wa kulia wa ovaroli yake ulikuwa umevimba, na jicho lake la kwanza lilikuja kwangu. Hakukunja uso. Aliniangalia tu, kama anavyoangalia injini anayotaka kujua inaumwa nini.

Mama alikuwa amesimama. Hofu ilikuwa imemtoka na hasira imeingia mahali pake. "Baba Wairimu, ulitaka kuniua na mtoto?" Alisema hivyo mbele ya wale vijana, mbele ya watu wa gari lingine lililokuwa limesimama kutusaidia. "Juzi umeshika hii gari. Juzi tu. Nini hii umenifanyia?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Shida ilikuwa kwa paipu, Mama Mwende. Sili ya nyuma imeharibika, oili imeingia kwa klachi. Nitaifungua yote nirudie."

"Paipu si ni wewe uliweka?"

"Ni mimi niliweka."

Akaishia hapo. Watu wakatikisa vichwa, mwingine akasema mafundi wa siku hizi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilijua kilichokuwa mfukoni mwake, naye alijua kwamba najua, na niliangalia chini nikaanza kuchora vumbi kwa kidole cha mguu.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Noonkopir. Kwa siku tatu Fundi alikuwa chini yake, kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia. Kwa siku tatu sikukaa kwenye jiwe nililozoea kukalia nikimwangalia akifanya kazi. Nilijificha nyuma ya nyumba, nikachungulia, nikarudi. Chakula hakikupita. Mama aliniuliza kama nina malaria, akanigusa shingo, akanipa dawa ya minyoo.

Siku ya tatu, jioni, nikasikia, "Mwende, njoo uhesabu."

Nilienda kama mtu anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Gazeti lilikuwa limetandikwa juu ya boneti. Mama alikuwa amesimama upande wa pili, mikono kifuani, akiangalia nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Fundi aliweka vitu kimoja kimoja, polepole kuliko siku zote. Sili iliyopasuka. Sahani ya klachi, nyeusi kwa oili. Gasketi mbili. Nati iliyokufa. Ile paipu ndefu mpya, ambayo sasa ilikuwa imepasuka mdomoni. Mkono wake ukaingia mfukoni. Mkono ukatoka na kitambaa, akafuta jasho.

"Hesabu."

Nilihesabu. Sita. Sauti ilitoka kama ya mtoto mwingine.

"Hesabu vizuri, Mwende. Kuna kitu kimebaki?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Hakukuwa na mtu mwingine uani ila sisi watatu, na kuku. Nilimwangalia Fundi, nikamwangalia mama, ambaye bado alikuwa akiangalia nguo zake. Nilidhani ananikinga. Nilidhani amevunja mtindo wake kwa ajili yangu, ananiuliza tu kuhakikisha kwamba sisi wawili tumeelewana, siri ni yetu. Hivyo ndivyo nilivyolisoma swali lile, na nikalisoma hivyo kwa miaka yote iliyofuata.

"Hakuna," nikasema.

Akalikunja gazeti, kona kwa kona. "Haya," akasema.

Muhula uliofuata ulipokwisha, Fundi alivunja kibanda chake, akapakia mabati kwenye pikapu ya mama mwenyewe, wakayapeleka Kiserian. Nilirudi kutoka shule nikakuta kona imebaki na doa jeusi la oili. Sikuuliza. Nilijua: mama amemfukuza. Alisema tone moja, akapata gari zima likitaka kuungua. Na aliyemfukuzisha ni mimi niliyetaka abaki. Nililia nyuma ya choo mpaka kwikwi ikanishika, na mama aliponiuliza nikasema nimeumwa na nyuki.

Fundi alikuwa akija kututembelea, Desemba kwa kawaida, na mfuko wa machungwa. Alikuwa akiniuliza masomo, kisha ananyamaza kidogo, kama mtu aliyesogeza kiti ili mwingine akae. Mimi nilikuwa nakumbuka kazi ya jikoni. Nilikua, nikaenda sekondari, nikaajiriwa, nikanunua gari, na bado akija nilikuwa nakumbuka kazi ya jikoni. Alipofariki, kabla ya mvua za mwaka huu, nilimwambia mama sitapata ruhusa ya kwenda kumzika. Sikuwa hata nimeomba. Mama alienda peke yake, akarudi na viatu vimejaa matope mekundu, akaviosha. Nilijiona mdogo kuliko nilivyokuwa siku ile kando ya barabara.

Kwa hiyo wiki iliyopita, kijana alipomaliza gari langu, nilimwomba gazeti. Nilifunga vile vipande vitatu nikaendesha moja kwa moja hadi Noonkopir. Mama haendeshi tena, macho yamempungua, lakini alikuwa sebuleni akichambua maharagwe. Niliweka gazeti mezani nikalifungua. Alivipapasa, akavinusa.

"Hii ni ya injini kupumua," akasema. "Imekauka. Nani alibadilisha?"

"Kijana fulani hapa barabarani." Halafu nikasema kabla sijaogopa, "Mama, kwa nini ulimfukuza Fundi Nduati?"

Aliacha maharagwe. "Nimfukuze? Bibi yake si alipata kazi ya kufundisha Kiserian. Nani alikuambia nilimfukuza?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia mwenyewe.

"Na lile gunzi aliniletea," mama akasema, akirudia maharagwe yake. "Jioni ileile tulivutwa. Alikuja mpaka mlangoni, akalitoa mfukoni, na ule ukanda wa tyubu bado una fundo. Si unajua mambo yake. Kilichotoka kwa gari yangu ni changu. Nikaona ile nailoni, nikaona vile tyubu ilikuwa imefungwa, fundo langu mimi mwenyewe. Nilimwomba msamaha pale pale, kwa maneno niliyokuwa nimemwambia mbele ya watu. Halafu nikachukua fimbo nije nikuamshe. Akasimama kwa mlango. Akaniambia, mpe wiki, atasema mwenyewe. Huyo ni mtoto wa kusema."

"Kwa hivyo siku ya gazeti..."

"Tulikuwa tunakungoja. Mimi sikuweza hata kukuangalia, niliogopa nitacheka ama nilie." Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe. "Wiki ikaisha. Kila Jumamosi ananiuliza, amesema? Namwambia bado. Ameenda Kiserian, ananipigia simu, tunaongea mambo ya magari, mwisho ananiuliza, na Mwende? Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kusikia. Alisema mtoto anayeziba paipu ili fundi asifukuzwe, huyo mtoto si wa kuogopa kusema."

"Alijua ni kwa nini?"

"Alijua. Alijua nilikuwa namtania, na alipogeuka akakuona ukienda jikoni na maziwa, uso umekauka."

Nilikuwa nalia, na sikuficha.

"Mara ya mwisho nilimwona hospitalini," mama akasema. "Sauti ilikuwa imeisha, unaweka sikio karibu. Akauliza, alisema? Mwende, mimi nimekuwa na makosa mengi, lakini sijawahi kudanganya mtu anayekufa. Nikamdanganya. Nikamwambia ulisema zamani, ukiwa kidato cha pili, ukalia sana. Akacheka kidogo. Akafunga macho." Alisogeza sinia ya maharagwe kando, akaegemeza mikono mezani. "Sasa sema. Sitaki kubaki na uongo niliomwambia mtu aliyelala."

Basi nikasema. Nilimwambia mama yangu kwamba ni mimi niliyeziba ile paipu, kwa gunzi, nikaifunga na tyubu. Kwamba nilisikia ule mlio kabla ya Isinya nikasema sisikii. Kwamba Fundi alilaumiwa mbele ya watu nikachora vumbi. Kwamba hata kumzika sikwenda, na sikuwa nimeomba ruhusa. Nilisema yote kwa sauti, kama nilivyokuwa nahesabu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akagusa vile vipande vya paipu kwa kidole, kimoja, cha pili, cha tatu.

"Kuna kitu kimebaki?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.